Kuweka ni Mlango, Kutoa ni Tundu

Jumanne, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana bila kupiga hodi. Nilikuwa nasaga lenzi za mteja mwenye haraka, na kila radi ikipiga umeme unapungua na mashine inakoroma kama mzee aliyelazwa chali. Nimefika nyumbani nimelowa hadi kwenye mifuko.

Baba alikuwa ukumbini, ameshika simu mbali na uso kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Mama," akaniita. Ananiita hivyo tangu nikiwa mtoto, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Laini yako ya simu inaweza kulipa mtandaoni?"

"Kulipa nini?"

"Mchezo."

"Mchezo gani, Baba?"

"Wa gurudumu. Kasino." Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba amebadilisha sabuni.

Baba yangu ana miaka sabini na mmoja. Alikuwa keshia wa benki kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna siku aliyofunga dirisha hesabu ikiwa pungufu. Kumbe sasa benki ileile imeizuia kadi yake isilipe kasino, ndiyo maana anatafuta njia nyingine. Amekuwa akicheza tangu mwaka juzi, mwaka aliofariki mama. Nilirudi kuishi hapa baada ya msiba, nikasema ni kwa miezi mitatu tu. Tuna vyumba viwili na ukumbi mmoja, kikohozi cha mmoja kinamwamsha mwenzake, na hili sikulijua.

Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri hadi kichwa kinauma.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Hatukuligusa lile jambo. Amesifia chai yangu, chai ambayo aliipika yeye.

Jumamosi, 7 Machi

Nimempigia kaka. Anaishi mbali, nusu siku kwa basi, na kama watu wote wanaoishi mbali, ana majibu mafupi.

"Mnyang'anye simu," akasema.

"Ni baba yetu, si mtoto wa darasa la tatu."

"Mtoto wa darasa la tatu ana nafuu. Hana pensheni."

Nikamwuliza kama yuko tayari kuja kumnyang'anya yeye mwenyewe, uso kwa uso. Akasema ana kazi. Nikasema nami ninayo. Tukaagana kwa adabu.

Jumapili, 8 Machi

Leo tumeketi mezani, mimi na Baba, kama watu wa kikao. Alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa ule mwandiko wake wa kibenki uliolalia kulia. Ni njia zote za kuweka na kutoa pesa kwenye hiyo kasino. Amesoma masharti yote hadi yale ya chini kabisa, maandishi madogo kama mayai ya chawa.

"Watu wanakosea hapa," akaanza, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kuwafundisha wafanyakazi wapya. "Wanauliza pesa inaingiaje. Kila duka linajua kupokea. Uliza inatokaje, baada ya siku ngapi, na kwa jina la nani. Kuweka ni mlango, Mama. Kutoa ni tundu."

Kadi, akasema, ilikuwa nzuri, inaingiza papo hapo na kutoa kwa siku tatu, lakini imefungwa. Uhamisho wa benki unachukua siku mbili kuingia, "na kufika hapo nitakuwa nimesahau nilitaka kucheza nini." Sarafu za mtandaoni hazitaki kabisa, pesa isiyo na keshia, ikipotea utamlilia nani? Imebaki simu. Simu ni chap, kuingia na kutoka. Ila laini yake imesajiliwa kwa jina la marehemu mama tangu enzi zile, na kasino inasema jina la akaunti na jina la laini lazima yafanane wakati wa kutoa.

"Lakini laini yangu ina jina langu," nikamwambia. "Ukishinda watakukatalia vilevile."

Akaikunjua karatasi, akaikunja tena.

"Hilo nalijua," akasema. "Nilitaka ya kuwekea tu."

Nilimtazama. Keshia mzima, mtu wa kutoa ni tundu, alikuwa anatafuta mlango na tundu lenyewe amelipa kisogo. Nadhani naye aliyasikia maneno yake wakati huohuo, maana alivua miwani na kuanza kuifuta, na miwani ilikuwa safi. Niliitengeneza mimi.

Kwenye karatasi ilibaki njia moja ambayo hakuitaja. Vocha. Unainunua kwa pesa taslimu, unakwangua, unaingiza namba. Pesa za ushindi hazirudi kwa vocha, zinakwenda benki. Kwa upande wetu huku vocha zinauzwa duka moja tu, la vifaa vya ofisi, juu ya mlima, mwisho wa ngazi za saruji. Ngazi mia moja na kumi na mbili, hazina mkono wa kushikilia. Duka linafungwa saa kumi na moja, na Jumapili halifunguliwi.

"Labda vocha," nikasema, kwa sauti ya mtu anayependekeza rangi ya pazia. "Na kutoa, iende kwenye akaunti yetu ya pamoja. Ile ya sahihi mbili."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Umenichagulia mlango wenye ngazi," akasema.

"Ni mazoezi. Daktari alisema utembee."

"Daktari hakusema nitembee kwenda kasino."

Tulicheka wote wawili, bila kupenda. Kisha akakubali, kwa sharti moja: nisimwulize kamwe ameweka kiasi gani. Nikakubali. Nimelala nikijiona mwerevu.

Ijumaa, 13 Machi

Inafanya kazi. Wiki nzima amepanda mara mbili tu. Jumanne alirudi amechoka, akalala bila kugusa simu. Nimemwandikia kaka ujumbe: kumnyang'anya mtu si lazima. Hakujibu.

Jumatano, 18 Machi

Nimekutana na mwenye duka la juu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Karatasi. Alikuwa amekuja kazini kwetu kubadilisha fremu ya miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako akija nampa kiti. Ananipangia noti za droo, nyuso zote zinatazama upande mmoja. Duka langu halijawahi kuwa na adabu hivyo."

"Na vocha?"

Akajitazama kwenye kioo, akaisogeza fremu puani. "Ananunua. Ninauza. Nisipouza mimi, atatafuta pa mbali zaidi." Kisha akasema, bila kuniangalia, "Sipendi, lakini nauza."

Ijumaa, 20 Machi

Mvua kubwa. Nilifurahi. Baba kapanda.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua. Baba kapanda.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua. Baba kapanda. Suruali yake ya kijivu, ile ya kazini, ina tope hadi magotini. Ameifua mwenyewe kabla sijarudi na kuianika ndani, kana kwamba sitaiona suruali inayodondosha maji katikati ya ukumbi.

Jumatano, 25 Machi

Bosi amenirudishia lenzi mbili. Mhimili nimeuweka digrii kumi pembeni. Hajasema neno, ameziweka tu mbele yangu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akili yangu iko kwenye ngazi. Nikisikia ngurumo, moyo unaniambia vizuri, leo hatapanda. Naiombea mvua kama mkulima, na shamba langu ni baba yangu abaki ndani.

Jioni nimegundua kitu. Ananunua vocha mbili au tatu kwa mpigo, za thamani kubwa, ili asipande mara kwa mara. Nimeziona kwenye kikapu cha taka, zimekwanguliwa, zimepangwa moja juu ya nyingine kwa usawa. Zamani aliweka kidogo kidogo. Ngazi zangu zimemfundisha kununua kwa jumla.

Sikumwambia kitu. Nilikubali sharti.

Alhamisi, 2 Aprili

Ameshinda.

Nimemkuta amesimama katikati ya ukumbi, simu ameiweka mezani kifudifudi, mikono nyuma. Akaniambia niketi. Nikadhani kuna aliyekufa. Akageuza simu. Ni pesa za kubadilisha mabati ya nyumba nzima na chenji ibaki.

"Nimeshaomba kutoa," akasema. "Dakika ileile. Sikuongeza hata mzunguko mmoja."

Nilimkumbatia. Nakiri kwamba kwa muda ule sikuona ubaya wowote kwenye kasino. Nilikuwa tayari nimeshachagua rangi ya bati.

Ijumaa, 3 Aprili

Wamejibu. Kabla ya kutoa wanataka kumhakiki: kitambulisho, barua ya benki, na picha yake ameshika kitambulisho kando ya uso. Wakati wa kuweka hawakumwuliza hata jina.

Tumepiga picha mara nane. Miwani inang'aa, uso hauonekani. Nikamwambia aivue. Akiivua haoni kamera iko wapi, anatazama jokofu. Picha ya tisa imetoka vizuri, ila anaonekana kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku.

Jumatatu, 6 Aprili

Wamekataa. Kitambulisho chake kina majina matatu, kwenye akaunti ya benki anayo mawili. Wanataka barua ya kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja.

"Na hawajakosea," akasema Baba. "Mimi mwenyewe ningemrudisha mteja wa namna hii." Kisha akanionyesha kitu kwenye simu. Chini ya ombi lake la kutoa kuna kitufe cha kijani, kikubwa kuliko vyote: Ghairi, endelea kucheza. "Miaka thelathini na mmoja," akasema, "sijaona benki inayosimama mlangoni ikimwambia mteja, umebadili mawazo? Ziache tu."

Alicheka. Lakini niliona kidole chake gumba kilivyokaa juu ya kile kitufe, bila kugusa, kama mtu anayepima joto la pasi.

"Nikae na simu mimi?" nikamwuliza.

"Mama. Mimi si mlevi."

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Barua ya benki itachukua siku tatu.

Jumatano, 8 Aprili

Amebonyeza.

Nilijua nilipoingia, kabla hajasema, kwa sababu meza ilikuwa imeandaliwa. Sahani, vijiko, glasi za wageni. Baba hupanga vitu akiwa na hatia.

Alianza saa nne asubuhi, akasema. Alitaka kucheza sehemu ndogo tu wakati anasubiri, lakini kile kitufe hakijui sehemu, kinarudisha zote. Kufika saa sita ilikuwa imebaki robo. Hapo akasimama na kuomba kutoa upya. Alitaja hilo la kusimama mara mbili, kama mtoto anayekuonyesha kwamba angalau kikombe hakijavunjika chote.

Nami nikamwambia maneno ambayo nayaandika hapa ili nisije baadaye nikajidanganya kwamba sikuyasema. Nilisema, "Miaka thelathini na mmoja umetunza pesa za watu, za kwako zimekushinda siku sita."

Alichukua glasi za wageni, moja moja, akazirudisha kabatini.

Alhamisi, 9 Aprili

Hatujazungumza. Mvua haijakatika.

Ijumaa, 10 Aprili

Vilevile. Nimeacha mlango wangu wazi kidogo. Hakuja.

Jumapili, 12 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi.

Jana saa tano asubuhi nilikuwa nimeweka lenzi kwenye mashine simu ikaita. Ni Mama Karatasi. Alisema taratibu sana, na ule utaratibu ndio ulionitisha. "Mwanangu, baba yako yuko hai. Ameanguka kwenye ngazi. Njoo na nguo kavu."

Niliiacha lenzi ikizunguka. Sikumbuki nimefikaje. Alikuwa ameketi katikati ya ngazi, maji ya mvua yanapita pande zote mbili za mwili wake kama anazuia mto, na Mama Karatasi amesimama juu yake na mwavuli ambao haukumsaidia yeyote. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia mahali ambapo mguu hautakiwi kugeukia.

"Nilikuwa nashuka," akaniambia. Sijui kwa nini aliona hilo ni muhimu. "Kupanda nilipanda vizuri."

Vijana wa gereji ya karibu walimbeba kwenye mlango wa mbao hadi barabarani. Mfupa umevunjika mahali pawili chini ya goti. Wamemfunga plasta, atakaa wiki mbili hapa, halafu magongo kwa miezi.

Muuguzi alinipa nguo zake zilizolowa kwenye mfuko. Kwenye mfuko wa shati kulikuwa na vocha. Moja, haijakwanguliwa. Nimeiweka kwenye daftari hili, kati ya kurasa hizi, inakauka.

Ni mimi niliyechagua njia hii. Kila nikiifikiria naishia palepale. Ningeweza kumwambia, Baba, naogopa. Ni maneno mawili, na hayana ngazi. Badala yake nilimtegea baba yangu mtego wa saruji na kuuita mazoezi, kisha nikakaa kuomba mvua.

Jumatatu, 13 Aprili

Kaka amefika na basi la asubuhi. Amemsalimu Baba, amemshika mkono, kisha amenivuta koridoni.

"Mimi nilisema mnyang'anye simu," akasema. "Wewe ukampa ngazi."

Nadhani alitegemea nitabishana, maana aliposubiri na kuona kimya, uso wake ulibadilika. Akaenda kuninunulia chai.

Jumanne, 14 Aprili

Kaka amechukua simu ya Baba akiwa usingizini na kuitia kwenye begi lake. Nimeona, nimenyamaza.

Jumatano, 15 Aprili

Leo Baba ameuliza simu iko wapi. Kaka akasema, "Ninayo mimi, Baba, na itakaa kwangu."

Nilitegemea hasira. Baba aliitikia kwa kichwa tu, kama keshia anayepokea hundi aliyoitarajia.

"Ni sawa," akasema. "Ila niwaambie ilivyokuwa, msije mkatunga."

Mama alipolazwa, akasema, ilikuwa wodi ya namna hii, upande wa wanawake. Sisi tulikuja mchana. Yeye alikaa naye usiku, wiki tisa, kwa sababu mama aliogopa kuamka peke yake. Aliahidi hatalala. Na mtu wa miaka sitini na tisa, kwenye kiti cha plastiki, saa tisa usiku, atafanya nini asilale? Kahawa ilimchoma tumbo. Gazeti lilimpa usingizi. Ndipo akaona kwenye simu lile gurudumu, la bure, la kujaribia, halina pesa. Likizunguka, macho hayafumbi. Mama akifumbua macho anamkuta yuko macho.

"Halafu akafariki," akasema, "na saa tisa ikawa inafika vilevile."

Kaka alikuwa anatazama sakafu.

"Msiipambe," Baba akaendelea. "Haikuwa huzuni tu. Nilipoanza kuweka pesa, nilitaka kushinda. Nilitaka sana. Nilijua hesabu zake kuliko nyie wote, najua kasino haishindwi, na bado nilijiambia, mimi ni keshia, mimi nitajua wakati wa kufunga dirisha." Akanigeukia. "Ulichoniambia siku ile kilikuwa kweli."

"Kilikuwa kibaya, Baba."

"Vyote viwili."

Kaka akainuka. Nilidhani anatoka. Alifungua begi, akatoa simu, akaiweka kitandani kando ya mkono wa Baba, akaketi tena. Miaka yote nimemwona kaka yangu kama mtu wa majibu mafupi. Leo nimeona kwamba mengine ni mafupi kwa sababu hana sauti ya kuyamalizia.

Nami nikamwambia Baba kuhusu vocha. "Iko kwangu. Nimeificha kwenye daftari."

"Mrudishie mwenye duka," akasema. "Asipoipokea, ichane."

Alhamisi, 16 Aprili

Mama Karatasi ameipokea, amerudisha pesa yote, na amekataa shukrani. "Mwambie kiti chake kipo," akasema. "Vocha zimeisha." Nyuma yake kwenye kamba zilikuwa zinaning'inia kama nguo za mtoto. Alijua nimeziona. Zimeisha kwa Baba.

Jumatatu, 20 Aprili

Kaka amerudi kwake. Kabla ya kupanda basi ameniambia nimpigie kila Jumapili, hata kama hakuna jambo. "Hasa kama hakuna jambo," akasema.

Jumatano, 22 Aprili

Baba anataka kuifunga akaunti. Si kuacha tu kuitumia. Kujifungia, wanaita, ili hata yeye mwenyewe akitaka kurudi wamkatalie. Alijua ukurasa ulipo, alikwisha kuusoma zamani pamoja na mengine yote. Uko chini, ndani, baada ya kurasa nne. Kile kitufe cha kijani hakikuhitaji kutafutwa.

Lakini anataka kwanza kuitoa ile robo iliyobaki. Asiiache ndani, anasema, pesa iliyoachwa ndani ni sababu ya kurudi. Kwa hiyo nimempelekea wodini barua ya benki, imepigwa mhuri, majina matatu na majina mawili ni mtu mmoja. Tumeituma kutoka kitandani.

"Usikae mbali na simu," akaniambia. "Kaa nayo wewe. Hadi itoke."

Sikumkumbusha alichonijibu mara ya kwanza.

Alhamisi, 23 Aprili

Hakuna jibu. Mvua nyepesi.

Ijumaa, 24 Aprili

Hakuna jibu. Bosi amenipa lenzi ngumu, za mtoto mwenye jicho moja dhaifu. Nimezisaga bila kosa.

Jumamosi, 25 Aprili

Baba yuko nyumbani. Anatembea ukumbini kwa magongo, anagonga kila kitu, anaviomba radhi viti.

Mara mbili ameniuliza kama wamejibu. Mara ya tatu aliuliza kitu kingine: kama kile kitufe bado kipo. Nikasema kipo. Akasema, "Usinionyeshe." Nikaiweka simu kwenye mfuko wa gauni na kuiacha humo siku nzima, ikinigonga pajani kila nikitembea.

Jumanne, 28 Aprili

Imeingia. Imefika kwenye akaunti ya pamoja saa tatu asubuhi. Nimeweka sahihi yangu, yeye ameweka yake, ile yenye mkia. Imelipa hospitali na magongo. Kilichobaki hakinunui hata bati moja.

"Basi mguu wangu umejilipia wenyewe," akasema.

Jumamosi, 2 Mei

Leo hakuna mvua. Baba alisema anataka kumaliza jambo.

Nikamletea simu, nikaketi kando yake. Akafungua ukurasa wa kujifungia. Wanakupa kuchagua muda: miezi sita, mwaka mmoja, miaka mitano, moja kwa moja. Aliisoma yote kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma orodha ya bei.

"Miaka mitano nitakuwa na sabini na sita," akasema. "Bado nitakuwa najua kubonyeza."

"Ndiyo, Baba."

"Na moja kwa moja, inasikika kama tangazo la msiba."

Mwezi mmoja uliopita ningekuwa na jibu tayari, limefungwa vizuri na utepe, na lingekuwa la kumsukuma bila yeye kuona mkono. Nilimwambia tu, "Naogopa, Baba. Ukichagua chochote, bado nitaogopa. Lakini chagua wewe."

Akaniangalia juu ya miwani. "Toka kidogo," akasema.

Nilikwenda kusimama mlangoni. Jirani alikuwa anaanika magodoro, mtaa mzima ulikuwa unaanika vitu, hata viatu vilikuwa juu ya kuta vimefunguliwa kamba. Nilisimama pale muda ambao sikuupima.

"Mama," akaita. "Wanauliza sababu. Kuna kiboksi."

"Si lazima kujaza."

"Fomu haiachwi na nafasi wazi."

Nikasikia anaandika, kidole kimoja, anasimama, anaendelea. Kisha akaniita niingie, akanipa simu niisome.

Alikuwa amechagua moja kwa moja. Na kwenye kiboksi cha sababu ameandika: Mke wangu alishafariki. Hakuna tena mgonjwa wa kukesha naye.

Chini yake jibu lilikuwa limeshakuja, sekunde ileile aliyotuma: Asante kwa maoni yako. Tunathamini muda uliocheza nasi.

Nilidhani ataumia. Nilikuwa nimeshatafuta la kumfariji. Lakini Baba alichukua simu, akalisoma lile jibu tena, akaizima, akaiweka mezani.

"Hata keshia mbovu," akasema, "angeinua macho."